Siku Mtaa Wetu Ulipopata Jina

Furaha mjukuu wangu,

Huku Nakivale tuko wazima, na mama yako amevuna mahindi mingi. Umeuliza nani aliita fasi yetu, mtaa huu, jina Tumefika. Ni mimi.

Tulipotoka Kabazana, pale wanapopokea wakimbizi, tulipewa viwanja mteremkoni, nyuma ya kijiji cha Kashojwa. Gari la maji lilitupita kila siku. Asubuhi moja nikasimama katikati ya barabara na ndoo yangu. Dereva, Mganda, akapiga breki.

"Mama, toka! Hapa haiko kwa karatasi yangu. Inaitwa nini?"

"Tumefika," nikajibu. "Andika."

Akacheka, akaandika, akafungua bomba. Wanawake tukapiga vigelegele! Toka siku ile gari likasimama kwetu kila asubuhi; sikujua kwamba jina tu linaweza kulisimamisha.

Juzi pale mjini Mbarara, kwenye stendi, kondakta alikuwa anaita abiria wa kwetu, "Tumefika! Tumefika!" Nikapanda mbele, kichwa juu.

Bibi yako anayekuwaza