Tundu la Chini ya Pampu

Usinipigie simu. Niko kwa mama mkwe na yuko hapa karibu.

Unakumbuka ile pikipiki yake ya matairi manne, ya kubebea maziwa? Ile niliyosema mbele ya ukoo mzima kwamba fundi wa nini, injini naisuka upya mwenyewe. Nikaisuka. Ikawaka. Akapiga vigelegele.

Halafu ikaanza kudondosha maji ya rejeta.

Nimefungua silinda hedi mara mbili, nimebadilisha gasketi, wapi! Leo asubuhi nikamnasa mchawi. Chini ya pampu ya maji kuna katundu, maji yanatokea hapo hapo. Nikakaziba kwa gundi ya chuma. Pakakauka. Nikajisifu, tena kwa sauti.

Mchana nikamwaga oili ya gia kwenye beseni. Nyeupe. Nakwambia nyeupe pee!

Mama mkwe akachungulia beseni. "Mwanangu, maziwa nayajua. Hayo siyo."

Nikamwambia maji yameingia kwenye oili.

"Mwanzo yalikuwa yanatokea wapi?"

Kwenye katundu.

"Nani alikatoboa?"

Kiwandani.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nikaelewa. Wamekatoboa makusudi, ili sili ya pampu, ile raba ya kuzuia maji, ikifa maji yatoke nje uyaone, yasiingie kwenye gia. Na nilipoisuka injini, sili niliirudisha ile ile ya zamani. Niliiona bado nzima.

Akarudia, taratibu kabisa, "Kwa nini, mwanangu?"

Sasa hivi anaongea na fundi kwenye simu. Nimemsikia mwenyewe: "Injini haina ugonjwa. Ina mkwe."