Maneno ya Kaka Kutoka Ikola

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mwese tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi, na mdogo wako sasa anatembea.

Unasema wenzako chuoni wamelicheka shairi ulilotunga, eti mistari miwili si shairi.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu alikwenda Ikola, kule ziwani, kuvua samaki akanyamaza kabisa, hata mama akaacha kumtaja. Siku moja mpita njia akaleta karatasi kutoka kwa kaka. Mama hakujua kusoma, nikamsomea: “Mama, ziwa ni kubwa. Mimi bado ni wako.”

“Endelea,” akasema.

“Imeishia hapo, mama.”

“Basi rudia.”

Nilirudia mpaka akayashika maneno. Kesho yake nikamsikia shambani akiyatamka, jembe likipanda na kushuka nayo. Jioni alimtaja kaka kwa jina.

Kaka aliporudi baada ya masika, mama hata hakumsalimu. Alimtamkia maneno yale yote kwa kichwa, na kaka, mwanaume mzima, akakaa chini akalia.

Vina sikuvisikia humo, mjukuu wangu, lakini shairi nililiona. Nitumie na lako, hata likiwa la mstari mmoja.

Bibi yako,
Mwese