Jina Walilokuita Kakanda

Mama,

Ruti ameondoka. Alhamisi iliyopita tuliwasindikiza, yeye na mume wake Alani, hadi uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Masanduku yao yalikuwa mepesi kuliko walipokuja, maana nguo karibu zote wamewagawia wanawake wa mtaa wetu wa Panda. Ruti alilia. Mimi sikulia. Nakuambia mwenyewe kabla mdogo wako, Tante Agathe, hajafika kaburini Jumapili kukusimulia kwa namna yake.

Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na hakuna mwingine wa kumpelekea.

Unakumbuka ulivyoanza. Wazee wale walipokuja kulitumikia kanisa lao, Alani alitengeneza cherehani mbovu za ukumbi wa wanawake, na Ruti akafundisha kushona. Wewe, Mkatoliki tangu kubatizwa, ulikwenda kwa ajili ya cherehani, ukasema dini yao utawaachia wenyewe. Muda si mrefu Ruti akawa anashinda uani kwetu, mnachambua pamoja majani ya muhogo ya sombe. Yeye hakujua Kiswahili, wewe hukujua lugha yake. Nikirudi kutoka kazini redioni nilikukuta unaongea, unaongea tu. Nikivuta kiti, ulinyamaza. Siku moja nilikuuliza unamsimulia nini mtu asiyekuelewa.

"Njo maana," ulisema, kwamba ndiyo sababu yenyewe, ukaendelea na majani yako.

Nimewahoji wakubwa wa mkoa, wachimbaji, na mabwana wa migodi wasiopenda maswali. Wote walinijibu, angalau kwa uongo. Wewe nilipokuletea kinasa sauti, ulikisukuma pembeni kama sahani ya jana. "Minye siko habari ya redio, Vero."

Kwenye matanga yako Tante Agathe alimketisha Ruti kwenye mkeka wa watoto wako, kati yangu na mdogo wangu Mado. Alikaa pale na goti lake bovu, hakuomba kiti. Watu wakamsifu. Nami nilijua anastahili sifa, na nilitamani aumwe goti arudi kwake.

Wamisionari wakikaribia kumaliza utumishi wao hutembea kidogo. Alani na Ruti walikwenda kuona maporomoko ya maji, wakaenda ziwani kuona ndege, wakanunua vinyago vya mawe ya kijani. Kisha Ruti akaniomba niwapeleke Kakanda, kule migodini. Papa Zozo, dereva, alicheka hadi akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mama, kule kuko tu mavumbi na makamyo. Utapiga kamyo foto?"

Ruti akamjibu kwamba malori hapana, atapiga picha ya vumbi.

Tulipita Kambove. Njia nzima nilieleza: mgodi huu ulifunguliwa vipi, kambi ile ilijengwa kwa ajili ya nani. Alani aliuliza maswali ya fundi. Ruti hakuuliza kitu. Tulipofika, alimwelekeza Papa Zozo apite nyuma ya safu ya nyumba za zamani za wafanyakazi, na hilo lilinishangaza, kwa sababu hakuwahi kufika pale. Akashuka, akapanda kilima kidogo polepole, akasimama kwenye majani marefu. Halafu akasema, kwa Kiswahili chako, pamoja na ile pumzi unayovuta katikati ya sentensi:

"Mama Odilia aliniambiaka ni hapa, nyuma ya mikaratusi."

Nilimsahihisha. Nilimwambia mama yangu anaitwa Mama Vero. Panda nzima inamwita hivyo, kwa kuwa mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza ni mimi.

Ruti akanitazama. "Hapana, Vero. Hapa walimuitaka Mama Odilia." Kisha akaona uso wangu. "Minye niliwaza weye unajua."

Alani akavua kofia. Mimi nikauliza maswali yangu kwa mpangilio, kama kazini, na Ruti akajibu moja baada ya jingine. Siku zile za mwanzo ulimuuliza kwa ishara ana watoto wangapi. Alionyesha vidole vinne, akakunja kimoja, cha aliyekufa. Wewe ukakishika kile kilichokunjwa. Tangu hapo ulimsimulia, na kadiri alivyojifunza maneno alielewa yale uliyokuwa umeshasema. Kwamba Odilia, mtoto wako wa kwanza, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ndoo. Kwamba ni homa iliyomchukua. Kwamba msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mti na bila shaka umeoza. Kwamba Baba alihamishiwa Panda, nikazaliwa huko, na wanawake wa Panda wakakupa jina jipya bila kuuliza kama unalo la zamani.

Nilikuwa namhoji mgeni kuhusu dada yangu.

Jioni ile nilimwendea Tante Agathe. Hakuacha kusonga ugali wake wa bukari. "Alikatazaka," alisema. "Alisema Vero akijua, ataleta mikro."

Ni kweli, maikrofoni ningeileta. Lakini ningeweza pia kukaa tu. Hukunijaribu. Ulimchagua mwenye kidole cha kukunja, na mimi sikuwa nacho. Namwonea wivu kwa hilo, na kwa sauti yako aliyopanda nayo ndege. Namwonea wivu Odilia pia, ambaye hakupata muda wa kukuudhi. Nimekuwa wa kwanza maisha yangu yote. Niliwabeba wadogo mgongoni, nikachapwa kwa makosa yao, nikaamua mambo ya mazishi yako. Kilikuwa cheo kigumu, na nilikipenda.

Jumamosi fundi anamwaga saruji ya msalaba wa kaburi lako. Jina huchorwa saruji ikiwa mbichi, kwa hiyo likishaandikwa limeandikwa. Nilikuwa nimempa "Mama Vero". Mado na wengine hawajui jina jingine. Ningenyamaza, hakuna ambaye angeuliza.

Nitawaambia Ijumaa, wote, mezani kwa Tante Agathe. Jumamosi nitasimama karibu na fundi hadi amalize: Mama Odilia, kwa herufi kubwa. Jina langu lije chini yake, kisha Mado, kisha wengine. Sifanyi hivi kwa moyo mweupe, Mama, na sitajisingizia. Nakuahidi tu kwamba litafanyika.

Pumzika sasa. Huna tena la kuficha.

Mtoto wako wa pili,
Veronika