Reli za Bofa

Mwanaisha mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako amepata miwani mipya, anakusalimu. Wauliza kama chuma kisichoshika kutu hakishiki kweli.

Miaka ya themanini, mimi na fundi Shee tulifunga reli za chuma hicho, zile za kushikilia ngazini, kwenye hoteli ya ufukweni Bofa. Tulizijaribu kwa sumaku, haikunata, basi Shee akaapa hazitashika kutu. Miezi michache tu, zikatoka madoa ya kahawia. “Fundi, reli zako zimemwagiwa chai?” akauliza meneja, akitaka kutufukuza.

Shee akazisugua kwa maji matamu, si ya bahari, chumvi iliyoletwa na upepo wa pwani ikatoka, zikang’aa. “Hata chuma chataka kuoga, bwana,” akamwambia meneja. Tukabaki kazini, tukiziosha kila Ijumaa asubuhi.

Chuma hicho hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana. Ikichubuka hujiponya, ila chumvi isiachwe juu yake.

Huku bara ninakoishi sasa, mbali na bahari, reli hazihitaji kuogeshwa. Lakini Ijumaa ikifika, mikono yangu bado hutafuta ndoo.

Babu yako