Kopo Tupu

Kaka Mbaraka,

Shikamoo. Nipe kwanza habari za mguu wa Mama, kama uvimbe umeshuka, na za shemeji Mwanaisha, na kama paa la jikoni mmeliezeka kabla mvua haijawakuta. Mie nipo hai, kitandani hospitali. Mkono wa kulia haushiki kitu, naandika kwa wa kushoto, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Simu yangu waliikanyaga ikawa unga. Ile ya nesi niliyokupigia juzi uliijaza matusi mpaka mwenyewe akaninyang'anya. Ndiyo maana nampa barua hii konda wa basi la Pangani. Nasikia umepata Fuso, na vijana wa kushuka nao Madale kumchomea nyumba yule mama aliyeniitia watu. Isome yote kwanza, ndipo uwashe gari kama bado utataka.

Kazi yangu unaijua. Ulikuwaga unanitania kwamba kikojozi wa nyumbani kaenda Dar kukusanya mikojo ya watu. Ndiyo hiyo hiyo. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunachukua mkojo na damu kidogo, wataalamu wanatafuta figo zilizoanza kuchoka kabla mwenyewe hajajua.

Siku ile nilikuwa nashuka kilima cha Madale na boksi la barafu begani. Mvua ilishanyesha, udongo unateleza. Nikaanguka puu! Mfuniko ukafunguka, vichupa vya damu vikatawanyika njiani, vingine vikapasuka, na mtoto mdogo alikuwa anacheza hapo hapo. Nikamshika mkono nimsogeze asikanyage vioo. Mama yake akatoka, akaona damu, akaona nimemshika mwanawe. Akapiga ukelele mmoja tu: "Mumiani!"

Sie tulitishiwa mumiani utotoni ili tulale mapema, ati anakunyonya damu akaiuze. Nilidhani yaliishia huko.

Walitoka madukani, walitoka kijiwe cha bodaboda. Kofi la kwanza nikajaribu kucheka, nikasema jamani, mie Sefu, wa utafiti. Tofali likanipata mgongoni. Nikala mateke ya mbavu, nikala waya, mtu ananiuliza "Damu ya nani hii?" na kabla sijajibu ananipasua mdomo. Kijana mmoja wa bodaboda mwenye koti la kijani alikuwa na bomba la chuma. Yeye hakupiga kelele kama wenzake. Alipiga mapaja, mgongo, mapaja tena, kwa utulivu, kama anatwanga kisamvu. Nilimeza damu na jino langu. Halafu nikasikia "Leteni tairi," na petroli nikainusa.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura, mkaanga mihogo wa pale njiani, ambaye nimeshamsumbua sana kwa ajili ya mkojo wake. Alikuja na karai la mafuta yanayochemka, kalishika kwa kanga. Akamwaga ya kwanza miguuni mwao. Watu waliruka! "Wapumbavu nyie! Mumiani gani anaombaga mkojo? Atakayemgusa namkaanga uso!" Kisha akanikalia. Wallahi, kaka, alinikalia mzima mzima mpaka polisi wakafika.

Hospitali picha zikaonyesha mbavu tu ndizo zimevunjika, mkono wa kulia umevimba tu, nikaruhusiwa. Nikajilaza chumbani kwangu Sinza, muziki wa baa unanipiga ukutani, nameza dawa za maumivu kama karanga, mie ninayewakatazaga watu kwamba zinaumiza figo. Asubuhi nikakojoa, ukatoka mweusi kama kahawa ya kijiweni. Nikakaa chini pale pale chooni. Mwingine angesema ni kipigo, kitaisha. Mie nilijua. Nyama ikipondwa vile, taka zake zinaingia kwenye damu, na figo zinaziba kama chujio la tui lililojaa machicha. Jioni nikaenda tena. Hakikutoka kitu, nikarudi hospitali.

Daktari Rehema, mkuu wa utafiti wetu, alikuja mwenyewe wodini. "Sefu, figo zimezimia. Kama zimekufa, bado hatujui." Wakaniunganisha na mashine ya kusafisha damu. "Ukikojoa, tumepata njia. Usipokojoa..." Akanishika mguu. Akaniuliza kama nakubali kuwa mmoja wa wanaopimwa kwenye utafiti, nikakubali. Nikapewa kopo, lile lile ninalowapaga watu wa Madale. Kila asubuhi tupu. Nililia, kaka. Nilimuomba Mungu mkojo, mie niliyekuwa nachapwa na Mama kwa huo huo!

Katikati ya hayo anaingia yule wa koti la kijani. Anaitwa Haruni. Bi Zuhura kamkamata ukosi, kamburuta mpaka kitandani kwangu aombe msamaha. Sikungoja amalize. Nilimrushia kopo, likampata puani. Lilikuwa tupu, ndiyo shida yenyewe. Nilitaka afe, nakwambia kweli. Nililala nikipanga nitakavyomvunja miguu, nianze na upi. Na habari ya Fuso lako ilinipa raha, nisikufiche.

Kesho yake karudi, pua imevimba. Nesi ana wagonjwa tele, mkono wa kulia haushiki, wa kushoto najishikilia kitanda, basi yeye ndiye akawa ananishikia kopo. Ananiinua, anageuza uso pembeni, tunangoja, hakuna, ananilaza. Siku inayofuata vile vile.

Jana kaniinua, mie namtukana kimoyomoyo, nikasikia moto chini ya kitovu. Tone. Kisha matone. Mchafu, kidogo, usingejaza hata kifuniko cha soda. Haruni ndiye aliyepiga kelele, wodi nzima ikasikia: "Kakojoa! Jamani, kakojoa!" Bi Zuhura akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Haruni akalibeba lile kopo kwa mikono miwili kumpelekea daktari, analia, mkojo wangu unamchuruzika vidoleni.

Leo umeongezeka. Daktari anasema figo zinaamka, ila haahidi kitu.

Sijamsamehe, usije ukasema Sefu kawa sheikh. Kesi ipo polisi, na nitasimama niseme alivyonipiga. Lakini Fuso lirudishe kwa mwenyewe. Nyumba ya yule mama mkiichoma, yule mtoto yumo ndani, na mkono wake nimeushika mie. Na ukimvunja Haruni mikono, kaka, kesho nani atanishikia kopo?

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, mwambie asimeze dawa yoyote ya mguu mpaka apimwe. Shemeji mwambie namuota pweza wake wa nazi. Mjomba Kombo, mkwezi wetu, naye asije, panga lake alirudishe minazini.

Ni mie mdogo wako, kikojozi, alhamdulillahi,

Sefu