Gata ya Upande wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Gata: mfereji unaoning'inizwa chini ya ukingo wa paa ili upokee maji ya mvua na kuyafikisha kwenye bomba la kushukia. Fasili hii ina sharti ndani yake — uyapokee yote. Mfereji unaopokea nusu na kumwaga nusu si gata mbovu. Si gata. Ni pambo.

Kwa fasili hiyo, upande wa nyuma wa nyumba yetu hauna gata. Una pambo la chuma cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, nusu duara, upana inchi nne, limepasuka mahali pawili. Mvua ya juzi imelipita kama mgeni asiyepiga hodi. Ukuta wa chumba cha Mama umelowa kuanzia dirishani hadi kichwani mwa kitanda. (Mama ni mama mkwe wangu. Lile neno la pili lilichakaa zamani, tukaliacha.)

Leo asubuhi, kikombe cha chai mkononi, ametoa tamko. Mvua kubwa ijayo ataweka kiganja chake ukutani. Kikitoka kikavu, anakaa. Kikitoka kimelowa, anahamia kwa binti yake — wifi yangu, ambaye ameshamtandikia chumba na hupiga simu kila siku kukisifu.

"Mimi si uyoga," akamaliza.

Nilikwenda kutafuta tepu ya kupimia.

Jumanne, 4 Machi

Mwenzangu amependekeza gata ya plastiki. Nyepesi, rahisi, inafungwa kwa siku moja. Alisema hivyo mbele ya mama yake! Nimeolewa na mtu jasiri, au mtu asiyesikiliza.

Mama aliweka kijiko chini taratibu. Baba yako, akasema, alisubu chuma tangu hujazaliwa. Gata hii aliimimina kwenye kalibu kwa mikono yake. Leo wewe unataka kumtundikia mrija wa soda?

Basi itakuwa chuma. Kiwanda alichofanyia kazi marehemu bado kipo na bado kinasubu kwa oda: inchi nne, tano, sita. Swali limebaki moja tu, upana. Na hapo ndipo penye mwiba, kwa sababu Mama hataki nyingine ila inchi nne. Kuagiza pana zaidi ni kusema marehemu alikosea.

Nilimuuliza, kwa upole wote nilionao, kama inawezekana kwamba alikosea.

"Alikosea kutangulia," akasema. "Zaidi ya hapo, sijui."

Jioni tukacheza karata. Amenishinda. Anaiba, najua anavyoiba, sijawahi kumkamata.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya hesabu. Kinachohesabiwa si ukubwa wa bati lenyewe, bali eneo la sakafu lililofunikwa na paa, pamoja na nusu ya kimo cha mwinuko wake — kwa kuwa mvua haidondoki wima kama askari wa gwaride, upepo huilaza. Nimefungua ramani ya nyumba, safi, yenye vipimo vyote. Nimezidisha. Nimejumlisha. Nimechukua mvua mbaya kuliko zote ninazozikumbuka na kuiongezea ubaya kidogo.

Jibu: inchi nne zinatosha. Na chenji inabaki.

Nikarudia. Zinatosha. Ama hesabu imesema uongo, ama mvua.

Hata ile mipasuko miwili haitoi maelezo. Iko juu ya jikoni, mbali na chumba cha Mama. Pale juu ya kichwa chake chuma ni kizima, ukuta ni bwawa.

Mama amefurahi kupita kiasi. Alimpigia wifi yangu simu papo hapo kumwarifu kwamba "msomi wetu amethibitisha" marehemu alikuwa sahihi. Mwenzangu akapita na taulo begani.

"Kwa hiyo ukuta unalia kwa furaha," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja fundi. Mtaa mzima humwita Inchi Tano, na baada ya dakika chache nilijua sababu. Hakutazama juu. Hakugusa ngazi.

"Tano."

Nikamuuliza amefikaje huko. Akaniambia: banda la kuku, tano, ghala, tano, nyumba ya bosi, tano. "Profesa, tano haijawahi kunirudisha kwa mteja hata siku moja."

Nilimweleza kwamba mteja asiyekuita tena si ushahidi kwamba ameridhika. Huenda alihama. Huenda alizama.

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akautazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali. "Huu kweli umelowa, Mama," akasema kuelekea dirishani. Ndani kukajibu kikohozi ambacho nakiona kilikuwa na chumvi nyingi kuliko ugonjwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya wastani — si ile kubwa ya tamko. Nikamvuta Mwenzangu uani, mwavuli mmoja, viatu viwili viwili vya mpira. Nilitaka kuyaona maji yenyewe badala ya kuyafikiria.

Tukayaona. Hayakuwa yakitoka kwenye paa nililolihesabu tu. Yalikuwa yakishuka pia kutoka paa la juu yake, kwa pazia zima, yakiangukia paa la chini, na kutoka hapo yakiruka gata kama watoto wanavyoruka mtaro.

Paa la juu ni la chumba cha mazoezi. Mwenzangu alikijenga miaka kadhaa iliyopita, akafanya mazoezi majuma mawili, na sasa kina baiskeli isiyokwenda popote, iliyovaa mashati yake. Ramani ni ya zamani kuliko chumba hicho. Nimekokotoa, kwa usahihi mkubwa, gata ya nyumba isiyokuwepo!

Mwenzangu alitazama juu, akanitazama mimi, akatazama tena juu. "Ni ka-chumba kadogo tu," akasema.

Mama alifungua dirisha. "Mmepoteza pete?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo kawaida yake.

"Kwa hiyo aliyekosea ni mwana, si baba."

"Ndiyo, Mama."

"Hilo nalikubali." Akamtazama mwanawe aliyelowa bega moja. "Agiza pana utakavyo."

Jumatatu, 10 Machi

Hesabu mpya, mapaa yote mawili. Inchi nne haziwezi, wala haikuwa haki kuzitwisha mzigo huo. Limebaki suala la tano au sita, na hapa kuna jambo zuri kwa anayependa mambo mazuri: upana haujitoshelezi. Unategemea tundu la bomba limewekwa wapi. Gata ya tano ikiwa na bomba katikati, maji huja kutoka pande mbili, kila upande nusu ya mzigo — inatosha. Bomba likiwa konani, maji yote husafiri njia moja; inatakiwa sita.

Katikati ni mbele ya dirisha la Mama. Nikampelekea shauri.

"Niamke kila siku naangalia bomba kama mfungwa anavyoangalia nondo? Kona."

Sita, basi. Chuma kizito zaidi, vishikizo vilivyokaribiana, mbao mpya za ukingo. Inchi Tano alipopata habari kwa simu aliguna kama aliyefiwa. Kisha akauliza kama anaweza kuwaambia watu ilikuwa tano na nusu.

Mwenzangu, akikausha vyombo: "Kwa nini usimwambie tu abaki?"

Nikamjibu kwamba Mama ameweka sharti linalohusu ukuta. Maneno yangu si sehemu ya sharti hilo. Na maneno hayajawahi kukausha ukuta wowote. Nimeiandika hoja hiyo hapa na kuisoma tena. Ni sahihi. Hainipendezi.

Jumatano, 19 Machi

Gata imefika! Vipande vitatu, vyeusi, vizito kama ukweli. Vikalazwa uani juu ya magunia.

Mama akatoka na kijiko. Aliinama, akagonga cha kwanza. Kikalia — mlio mrefu, safi. Akagonga cha pili. Vivyo hivyo. Alivyofundishwa na marehemu, chuma cha kusubu chenye ufa hakiimbi, hukohoa. Akagonga cha tatu, akainua kichwa.

"Huyu ana mafua."

Inchi Tano akagonga kwa spana. "Mzima kabisa, Mama."

"Wewe masikio yako yamezoea tano."

Nami nikagonga. Nilisikiliza kwa makini ya kitaaluma. Sikusikia tofauti yoyote. Akagonga Mwenzangu, yeye akasema hakusikia hata mlio. Lakini ni nani katika nyumba hii angempinga mjane wa msubu chuma juu ya sauti ya chuma? Kipande kimerudishwa kiwandani kusubiwa upya. Kazi imesogezwa mbele kwa juma zima.

Nimekaa na jambo hili. Ama ana masikio ambayo sisi hatuna, ama haharakishi kuujaribu ukuta. Sina njia ya kutenganisha dhana hizi mbili. Angalau, sina njia ya adabu.

Jumamosi, 22 Machi

Inchi Tano hakutaka kusubiri juma zima; alikuja asubuhi kufunga vipande viwili vizima, vile vya juu ya ukuta wa Mama hadi kwenye bomba la kona. Juu ya jikoni limebaki lile pambo, likisubiri kipande cha tatu. Alipokaza bolti ya mwisho akashuka, akatazama juu, akasema kwa huzuni kwamba imependeza.

Ndipo mvua ikaja. Si ya wastani. Ile yenyewe.

Naandika kwenye goti, ndani ya chumba cha Mama. Jikoni maji yanaingia. Mwenzangu anahamisha ndoo na kumlaani yeyote aliyebuni mazoezi. Juu yetu gata inanguruma. Haimwagi. Nimechungulia dirishani: hakuna hata tone linaloruka ukingo. Bomba la kona linatapika kama inavyotakiwa.

Ila ukuta ulikunywa maji kwa miaka. Sikuliweka hilo kwenye hesabu — gata huzuia maji yajayo. Haina uwezo juu ya yaliyokwisha kuingia.

Mama amekaa kitandani, kiganja ukutani. Hajakitoa. Simu inaita kando yake. Jina la wifi yangu linawaka. Haipokei.

"Njoo," ameniambia. "Weka wako."

Nimeweka wa kushoto, karibu na wake. Chokaa ni ya baridi.

"Wewe ndiye msomi. Hii ninayoisikia ni maji, au ni jasho langu?"

Kitambaa kikavu kingejibu mara moja. Ninacho mfukoni. Unyevu upo, hilo halina shaka. Mkono wangu nao unausikia. Lakini mikono sasa ni miwili, na yote imekaa hapa muda mrefu, na hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kuutoa wake.

Unyevu huu ni wa ukuta, wake, au wangu?