Zamu ya Kuosha Sahani

Yaya Albertine, dada yangu,

Nianze na lile litakalokukasirisha, ili tumalizane nalo mapema: mahali pako pana mtu mwingine. Anaitwa Mama Aziza, ametoka Kindu, na anapika wali. Najua jinsi unavyokunja uso sasa hivi. Wali ulikuwa unauita chakula cha wagonjwa, na leo unachemka juu ya mafiga yako, pale pale ulipopondea lituma yako ya ndizi miaka yote niliyokujua. Ni mimi niliyempa mahali hapo. Usinikatize. Nisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda.

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi letu, lile lenye mguu uliofungwa kamba. Watu wa chakula cha mchana wameondoka. Maji yamepungua, mawe ya chini yanaonekana, na mitumbwi ya Lubunga, ng'ambo, inalazimika kuzunguka mbali kabla ya kufika hapa libongo, bandarini petu. Baleinière, mashua kubwa ya mizigo, kutoka Isangi imetia nanga asubuhi, imejaa ndizi mbichi. Nilipoziona nilitaka kukuita uje kuchagua, kisha nikakumbuka.

Wewe unajua biashara yetu ilivyokuwa, lakini acha niiseme, kwa sababu siku hizi hakuna anayenisikiliza nikiieleza. Mimi nilikuwa na samaki, wewe ulikuwa na lituma. Mteja anashuka kwenye mtumbwi, anakaa hapa kwenye benchi, mimi namfungulia liboke, majani yanatoa mvuke na harufu ya samaki na pilipili, na wewe unaweka bonge lako la ndizi pembeni, laini, la moto, lenye alama ya vidole vyako. Sahani moja, wanawake wawili. Wageni walikuwa hawaelewi, wanauliza malewa hii ya chakula ni ya nani. Ulikuwa unawajibu bila kuinua kichwa: "Samaki iko yake, lituma iko yangu, sahani iko ya wewe mwenye kula."

Hatukuwahi kugombana juu ya wateja, watu walishangaa kwa hilo. Tuligombana juu ya kuosha. Leo wewe, kesho mimi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sheria hiyo wewe uliifuata ulivyotaka. Zamu yako ikifika unakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa wa kumwangalia, au kuna ndugu yako wa Yanonge anashuka na mzigo. Nilikuwa naosha huku nakutukana kimoyomoyo, na wewe unarudi sahani zikishakauka, unaniambia, "Ah, Marceline, ungeniachia."

Na wale wageni waliokuwa wanatoka kuangalia nyavu na mitego ya wavuvi wa Wagenia, wanakuja hapa na simu zao, wanapiga picha mto, wanapiga picha mitumbwi, wanapiga picha hata majani ya liboke, na chakula kinapoa. Ulikuwa huvumilii. "Papa, mayi haitakimbia, kula kwanza." Na maji yalikuwa yanakimbia mbele ya macho yetu sote, mto mzima unaelekea Kinshasa. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, na wewe huoni kichekesho kiko wapi.

Ninakosa pia Jumapili zetu. Baada ya misa tulikuwa hatupiki, tulikwenda kula kwa wengine, kuwapeleleza, ulivyokuwa unasema. Tulikwenda kule Tshopo, karibu na daraja, kwa yule mama mwenye viwavi vya kukaanga. Tulikwenda Wagenia, ambako samaki anatoka kwenye mtego na kuingia motoni, hana muda hata wa kujua amekufa. Unaonja, unafumba macho, unasema, "Iko bien, mais..." Hiyo "mais" yako, hiyo "lakini", ilikuwa ndefu kuliko njia ya kurudi nyumbani. Chumvi imetangulia samaki. Ndizi hizi zimepondwa na mtu mwenye haraka. Kisha unalamba vidole vyote na kuuliza kama kuna kilichobaki.

Siku ile ilikuwa zamu yako ya kuosha. Ulisema kichwa kinauma, na mimi sikukuamini, nilijua ni ujanja wako wa siku zote. Ulivua kitambaa cha kichwa, ukajimwagia maji usoni, ukaniambia, "Marceline, angalia moto yangu, minarudia sasa hivi." Ukapanda ngazi ya udongo polepole, umeshika ukingo. Nikauangalia moto wako. Niliosha sahani pia, na nikawa napanga maneno ya kukusema kesho yake. Jioni wakaja kuniambia uko hospitali, ni tension, presha ya damu, huongei. Hukuongea tena. Kwa hiyo maneno yako ya mwisho katika dunia hii ni yale ya moto, na uliyaacha kwangu.

Matanga yalipokwisha nilirudi libongo na nikakuta majivu yako yamelowa mvua. Unaijua kanuni yetu: moto usipowashwa baada ya matanga, Mama Présidente, anayetusimamia sisi wapishi wa hapa, anawapa wengine nafasi, na wanaoingoja hawakosekani. Nikasema haiwezekani. Nikaenda kutafuta kuni, nikawasha moto wangu, kisha nikawasha wako. Siku za kwanza nilijaribu hata lituma. Nilichanganya ndizi mbichi na moja iliyoanza kuiva, jinsi nilivyokuona ukifanya, nikaponda mpaka mabega yakaniuma. Ikatoka kitu kinachonata kwenye meno. Yule mzee tunayemwita tonton wa mashua, aliyekula kwetu tangu ana nywele nyeusi, alitafuna kwa heshima, akameza, akasema, "Iko muzuri, mama. Lakini haiko ya yaya." Siku iliyofuata akaomba samaki peke yake.

Basi nikaacha kuponda. Lakini moto sikuuacha. Kila asubuhi nilikuwa naweka sufuria yako juu ya mafiga, naijaza maji ya mto, nafunika, nachochea kuni mbichi ili moshi uonekane mpaka kule juu barabarani. Maji yanachemka tangu asubuhi mpaka watu wa mchana waondoke. Yakipungua naongeza. Mtu akiuliza nasema bado hakijaiva. Nilijiona mjanja sana, yaya. Nilijiambia ninamlindia Grâce, binti yako, siku akimaliza masomo yake ya ualimu asikose mahali pa mama yake.

Mama Aziza alikuja wakati huo. Alikuwa anapikia juu, kando ya barabara, bila kivuli, vumbi la pikipiki likiingia kwenye wali. Alisimama mbele ya mafiga yako, akatazama mvuke, akavuta pumzi. Sikumpa hata nafasi ya kusema. Nikamwambia hapa pana mwenyewe. Yeye ni mpishi, alisikia kwamba mvuke ule hauna harufu ya chakula. Akasema tu, "Pole, mama. Nitarudia siku ingine," akapanda ngazi.

Kisha Grâce akaja kuchukua vyombo vyako. Nilifurahi kumwona, nikamkalisha hapa, nikampa samaki. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akainua kifuniko. Akabaki amekishika mkononi, mvuke unampiga usoni.

"Mama Marceline, hii iko mayi tu."

Nikamwambia ni kwa ajili yake, namtunzia mahali. Akafunika sufuria taratibu. Akasema, "Mama alikuwa ananifukuza hapa. Unajua. Alisema mutoto yake hatakula moshi." Na ni kweli, yaya, ulikuwa unamfukuza kwa mwiko, mimi nikiwa shahidi. Kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Donc unamulindia nani?"

Nilitafuta la kusema nikakuta kinywa kimejaa machozi. Nililia mbele ya wateja, mbele ya wenye mitumbwi, nimejifunika uso kwa kikwembe, na binti yako akanishika mgongo jinsi ulivyokuwa unanishika wewe. Nilikuwa nakulindia wewe. Ulisema unarudi sasa hivi, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilikuwa bado nakungoja.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mama Présidente kumwambia ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alikuwa anapepeta maharage, hakusimama. "Batu yote ya libongo banajua iko mayi," akasema. "Tulikuwa tunakungojea." Wote, yaya. Wauza makaa, wapiga kasia, wale wanawake wa fufu wanaotupita kila siku na kunisalimu, "Mama, moto iko namna gani?" Walikuwa wanaupita mvuke ule na kunyamaza. Libongo lenye midomo mingi kuliko samaki, na hakuna hata mmoja aliyenisema. Sijui niwashukuru vipi, kwa hiyo nawapa vichwa vya samaki.

Akaniuliza ninataka nani. Nikasema yule wa Kindu.

Nilimwita Mama Aziza nikampa masharti, nikiwa nimenyoosha mgongo ili asione kwamba ninaogopa. Nilimwambia mahali hapa palikuwa pa mtu, na jina lake litatajwa hapa kila siku, asichoke kulisikia. Nilimwambia mteja ni wetu sote, sahani ni moja, kuosha ni kwa zamu. Aliitikia yote. Aliuliza kitu kimoja tu, kama anaruhusiwa kukitumia kinu chako, maana Grâce alibeba sufuria akakiacha kwangu. Nilisita. Kisha nikasema ndiyo. Leo asubuhi amepondea sombe, majani ya muhogo, ndani yake, na sauti yake ni tofauti na ya kwako. Wewe ulikuwa unapiga kwa hasira, yeye anapiga polepole, anapumzika, anapiga tena. Bado sijaizoea.

Leo ilikuwa siku yake ya kwanza. Tonton wa mashua alikaa, akatazama wali ule mweupe kando ya liboke langu, akanitazama mimi. Nikaangalia mto. Akala. Akasema, "Bon," akaomba aongezewe. Nakwambia kweli, nilimchukia kwa dakika nzima kwa niaba yako. Kisha nikauonja mwenyewe, kwa siri, kwa kijiko. Wali unalala chini ya mchuzi wa samaki na kuunywa wote. Iko bien, mais. Hiyo mais nimekuachia wewe uimalize.

Watu walipoondoka sahani zilikuwa zimejaa kwenye beseni. Nikainama kuzibeba, sikufikiri, mikono yenyewe ilikwenda. Tangu siku ile nimekuwa naosha kila siku, zamu yangu na zamu yako, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mama Aziza akashika upande wa pili wa beseni.

"Mama, leo zamu iko ya nani?"

Nikasimama pale nikihesabu nyuma. Zamu ya mwisho iliyotambulika kati yetu ilikuwa yako, na hukuiosha. Mtu aliyerithi upande wako wa moto alirithi na deni la sahani. Nikamwambia, "Leo iko yako." Akachukua beseni, akashuka nalo mpaka majini, akapandisha kikwembe chake magotini, akaanza kusugua.

Nikakaa kwenye benchi na mikono mikavu. Sikujua niiweke wapi. Nikaitazama tu, kisha nikautazama mto, mzima, mpaka Lubunga, jinsi wageni wanavyoutazama, na miaka yote hii sikuwahi kukaa kuutazama hivyo. Ndipo nilipotafuta karatasi.

Ninakuahidi mambo mawili, na mengine nitaangalia. Jumapili nitampeleka Grâce kula kule Tshopo kwa mama wa viwavi, nami nitatafuta makosa mpaka niyapate. Na siku ya kuvua nguo za msiba nitaponda lituma kwa mikono yangu katika kinu chako. Itanata. Ndugu zako wa Yanonge wataila na kunyamaza, na wewe utaipinga kutoka huko uliko.

Mama Aziza anapanda na sahani sasa, zinameremeta, ameosha vizuri kuliko wewe. Moto wako, ulioniambia niuangalie. Nimeuangalia, yaya. Unawaka, na juu yake kuna chakula. Sasa usijisumbue kurudi. Pumzika.

Mdogo wako,
Marceline